Swali Nililoliruka

Kwanza kabisa, acheni kiti. Mkiingia nyumba ya watu mtaletewa kiti, na kama nyumba ina kiti kimoja tu, hicho hicho kitapanguswa vumbi kwa kitenge na kuwekwa mbele yenu. Kipokeeni, shukuruni, halafu wekeni mkoba juu yake, ninyi mkae mkekani pamoja na mama mwenye mtoto. Mtu anayetazamwa kwa juu hujibu kile anachodhani mkubwa anataka kusikia. Mimi nilikaa vitini karibu mwaka mzima kabla sijaambiwa hivyo, na majibu ya mwaka ule sijui yalikuwa ya nani.

Nawaandikia ninyi vijana mlioajiriwa juzi kwenye utafiti wa kina mama na familia zenye watoto wadogo. Msimamizi wenu alinipigia simu akaniomba nije niwape nusu saa ya maneno. Nikamwambia magoti yangu hayapatani tena na ngazi za ofisi yenu, na nusu saa hainitoshi hata kusalimia. Tukakubaliana niandike. Mkisoma mahali pa kuku, chekeni mnavyotaka. Mkifika kwa Vestine, naomba mtulie.

Mtaani wananiita Mama Hadija. Nimezaliwa hapa hapa Mbugangari, mtaa wa mpakani upande wa Rwanda, baba yangu alikuwa fundi cherehani, na nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili, kama familia nyingi za Waislamu wa mji huu. Kazi yangu ilikuwa mhojaji. Kwa miaka kumi na minane nilibisha hodi wilaya nzima ya Rubavu, hadi macho yalipoanza kusoma herufi kwa kubahatisha. Miradi ilikuja na kuondoka, majina yake nimeyasahau, lakini swali lake lilikuwa lile lile. Mama aliyelemewa na maisha, ana mtoto mchanga kifuani na mwingine anatambaa, asaidiwe vipi ili yeye apumue na watoto wakue vizuri? Mradi mmoja ulijaribu vikundi vya kina mama vya kila juma, mwingine ukajaribu kuwatembelea nyumbani, mwingine kuwafundisha wazazi kucheza na watoto wao, mwingine kuwaketisha kina baba na kuzungumza nao. Ili kujua kama kitu kimesaidia, lazima umuulize mama kabla, halafu umuulize tena baada ya miezi kadhaa. Mimi ndiye niliyeuliza. Watu hudhani kuuliza ni kazi nyepesi, na mimi nilidhani hivyo.

Juma langu la kwanza nilitumwa Nyakiriba, kwa mama aliyekuwa amejifungua siku chache nyuma. Ninyi mnajua kwamba mama aliyejifungua haendewi mikono mitupu. Unampelekea uji wa mtama, au maziwa, au hata soda mbili. Kwa Kinyarwanda tunasema guhemba. Lakini kanuni ya utafiti ilisema mhojaji asitoe kitu chochote, kwa kuwa mama akipewa kitu anaweza kujibu ili akufurahishe. Nikaitii kanuni. Nilipoingia, bibi wa nyumba ile alinipokea kwa furaha, akautazama mkoba wangu ulivyojaa. Nikaufungua, nikatoa karatasi. Akainama akachungulia ndani, labda chupa ya uji iko chini ya karatasi. Hakuna. Akaniambia kwa upole mwingi kwamba hapo kwake kuna wanaokuja kuhemba na wanaokuja kuhesabu, na wanaokuja kuhesabu hungoja nje. Nilingoja nje juani, juu ya yale mawe yetu meusi ya volkano, mpaka mama akala, akaoga, akanyonyesha na kulala. Alipoamka nikaambiwa nirudi kesho.

Aliyenitoa ujinga huo alikuwa msimamizi wetu, Consolata. Mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa muuguzi kwa miaka mingi upande wa Congo kabla familia yake haijarudi Rwanda, na Kiswahili chake cha huko, chenye Kifaransa kidogo, hakikuwahi kuvuka mpaka pamoja naye. Nilipomsimulia yule bibi alicheka akavua miwani ili apanguse macho.

"Mama Hadija, we uliingia kwa mama ya mutoto na mikono yako tu? Bon. Hata mi ningekufukuza."

Lakini hakuishia kucheka. Alikwenda kwa wakubwa wa utafiti akabishana nao siku mbili. Wakakata shauri kwamba kila nyumba itakayotembelewa itapewa mche mmoja wa sabuni, saizi moja kwa wote, nao utatolewa mlangoni kabla ya swali la kwanza, hata kwa mama atakayekataa kuhojiwa. Hivyo hakuna anayelipwa kwa jibu lake, na hakuna anayeingia kwa mzazi mikono mitupu. Nasikia bado mnatoa sabuni. Sasa mnajua ilitoka wapi.

Huyo Consolata ndiye pia aliyeanzisha maharagwe. Hojaji iliuliza kama mama amekosa usingizi "siku chache", au "zaidi ya nusu ya siku", au "karibu kila siku". Karatasini inasomeka vizuri sana. Mkekani mama anakutazama na kukujibu "mara moja moja", na hapo umekwama. Consolata akatupa kila mmoja wetu punje saba za maharagwe na kikombe. Punje moja ni siku moja ya juma lililopita. Mama anachukua siku zake mkononi, anazitia kikombeni zile zilizokuwa nzito, wewe unahesabu. Mama ambaye hakuwahi kushika kalamu anakwambia ukweli kwa vidole vyake, na hahitaji hata kufungua mdomo kama mdomo umekuwa mzito.

Ila angalieni kuku. Kule Kanzenze mama mmoja alikuwa ametia punje tano, siku tano za kuchoka kupita kiasi, akageuka kumtoa mtoto kwenye majivu. Kuku akaingia, akapiga kikombe teke na kumeza tatu kabla sijainua mkono. Yule mama alicheka hadi mtoto akaacha kulia ili amtazame. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni kazini na niliogopa kusema uongo, niliandika pembeni mwa karatasi: "Siku tatu zimeliwa na kuku." Consolata aliyasoma maneno hayo mbele ya timu nzima.

"Batu ya Kigali batatafuta hiyo kuku ndani ya ordinateri mpaka bachoke," akasema, yaani ndani ya kompyuta. "Mama Hadija, kwa nini haukumuuliza tena mama?"

Tangu siku hiyo tulibeba vikombe vyenye mfuniko. Lakini niliona jambo jingine pia. Baada ya kucheka, mama yule aliniambia mengi kuliko hojaji ilivyoomba, na karibu yote yalikuwa ya kuhuzunisha.

Jingine la kujua ni mama mkwe. Ukifika, yeye ndiye anakukaribisha, na ukianza kuuliza, yeye ndiye anajibu. "Usingizi? Analala vizuri. Chakula? Anakula." Mke wa mwanawe ameinamisha kichwa. Usimfukuze mama mkwe, hiyo ni nyumba yake. Nendeni wawili wawili. Mmoja wenu atoke naye uani, amuulize yeye aliwalea vipi watoto wake enzi zake, nani alimsaidia, alikula nini. Atasema saa nzima, na mara nyingi hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Huku ndani mwenzako anapata faragha. Mimi nimewahi kutoka uani nikiwa nimelia zaidi kwa ajili ya mama mkwe kuliko yule tuliyekwenda kumhoji.

Na baba. Baba mmoja wa Kanzenze, mlimaji wa viazi, alikaa kati yangu na mkewe akakunja mikono. Kila nilipouliza kama mama ana mawazo, alijibu yeye: "Huyu hana mawazo. Mawazo ninayo mimi." Tulicheka, na mimi nikaendelea na maswali yangu. Consolata aliposikia hakucheka. Akanirudisha kule kesho yake kumuuliza yule bwana ana mawazo gani. Alikuwa nayo kweli, na mkewe hakuyajua hata nusu. Miezi iliyofuata nyumba ile iliposaidiwa, walianza na baba. Basi mtu akikuambia jambo kwa utani, mrudie baadaye umuulize kwa uzito.

Sasa nije kwenye tableti zenu. Sisi tulitumia karatasi. Karatasi ilikuruhusu kila kitu, uruke, ufute, ujaze njiani ukiwa umekaa juu ya pikipiki. Binti mmoja wa timu yenu alinionyesha tableti yake, akajivuna kwamba haikubali kusonga mbele kama swali halijajibiwa. Nikamwambia vizuri. Lakini tableti haijui kama mdomo wako umelisoma swali. Kidole kinaweza kubonyeza "hapana" huku mdomo umefungwa. Nalijua hilo kwa sababu nilifanya hivyo kwa kalamu, na ndilo jambo lililonifanya nikubali kuwaandikia.

Hojaji yetu ilikuwa na maswali kumi ya moyoni. La kumi ndilo la mwisho, nalo linasema: "Katika siku saba zilizopita, umetamani usiwepo tena duniani, au umefikiria kujidhuru?" Tulifundishwa kulisoma neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya maswali mengine, bila kukunja uso, na bila kulimalizia na "sivyo, eti?" ambayo inamvuta mama aseme hapana. Tulifundishwa pia kwamba swali hili halikuwekwa kwa ajili ya ripoti tu. Mama akijibu ndiyo, hata kwa kuinamisha kichwa, huondoki. Unakaa naye, unampigia msimamizi, na mama anasindikizwa kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hakuna kati yetu aliyelipenda. Nilivyolelewa mimi, kutaja kifo penye mtoto mchanga ni kosa kubwa. Mama yangu angenizaba kibao. Mwanzoni nililisoma huku nikitazama karatasi, harakaharaka. Halafu nikazoea kidogo. Baadaye nikajiona fundi, na hapo ndipo nilipoharibu.

Vestine alikaa Mbugangari, vichochoro vitatu kutoka kwangu. Alikuwa na miaka ishirini na sita hivi. Wazazi wake walirudi kutoka Congo akiwa mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Kabla ya kujifungua alikuwa akivuka kwenda Goma kila asubuhi na beseni la nyanya na vitunguu kichwani, kama wanawake wengi wa hapa. Kisha kuvuka kukawa kugumu, biashara ikafa. Mumewe akaenda kutafuta kazi ng'ambo, na simu yake ikanyamaza tangu mimba ikiwa na miezi mitano. Alibaki na mama mkwe, mtoto wa kiume wa miaka miwili, na huyu wa kike aliyezaliwa. Jirani yake, Furaha, aliyekuwa ameshaingia kwenye utafiti wetu, ndiye aliyetupa jina lake.

Miadi tuliiweka siku kumi kabla, Vestine akiwa bado hajajifungua. Nilipofika siku yenyewe nilisikia kelele kutoka mwanzo wa kichochoro. Mtoto alikuwa na siku nane, na ilikuwa siku ya kumpa jina. Mnajua mambo yanavyokuwa. Mtoto ametolewa nje, watoto wa jirani wamelishwa kwenye sinia moja, pombe ya mtama iko kwenye madumu, na kila mgeni anatakiwa kutaja jina analompendekezea mtoto. Hata mimi na karatasi zangu sikuachwa. Nikasema "Neema", wakapiga makofi.

Ilinipasa nigeuke, nirudi siku nyingine. Nisikilizeni vizuri hapo. Mhojaji akikuta sherehe, au msiba, au ugomvi, anasalimia, anaacha sabuni yake, anaondoka. Lakini Vestine mwenyewe alinishika mkono.

"Mama, usiende. Batu bako wengi, lakini chumba iko. Kuya tuongee."

Nilidhani ni adabu tu ya mwenyeji. Mama mkwe akambeba mtoto, sisi tukaingia chumba cha ndani, tukakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikampa punje saba. Kwenye swali la usingizi alitia zote saba; nikajiambia nani analala akiwa na mtoto wa siku nane. Kwenye swali la kulia bila sababu alitia sita. Nikajiambia ni uchovu wa uzazi. Kwenye swali la kujilaumu alitia zote tena. Nilikuwa na jibu la kila jibu lake, jibu ambalo hakunipa yeye.

Tukafika la kumi. Nilifungua mdomo, na wakati huo huo huko nje babu mmoja wa ukoo akalitaja jina walilolichagua, vigelegele vikapigwa, watoto wakaanza kuliita jina lile kwa sauti. Vestine alikuwa akinitazama usoni. Mimi nikawaza, mama huyu nimtajie kifo saa hii hii binti yake anapopewa jina? Macho yangu yakashuka kwenye karatasi, na kalamu ikaweka alama kwenye "hapana, hata siku moja".

"Maswali iliisha?" Vestine akauliza.

"Yameisha, mwanangu."

"Iliisha yote?"

"Yote."

Alikaa kidogo na zile punje kiganjani, akanirudishia. Tukatoka nje, nikapewa wali na nyama, nikala. Nilirudi nyumbani nimeridhika, najiona mtu mwenye huruma.

Consolata alikuwa na desturi ya kurudia baadhi ya nyumba. Alichagua bila kutuambia, akaenda mwenyewe, akauliza maswali machache upya ili aone kama majibu yanalingana na yetu. Siku ya nne baada ya siku ya jina, saa nane mchana, aliniita kwenye chumba chake kidogo, akafunga mlango. Karatasi yangu ilikuwa mezani.

"Mama Hadija, kwa Vestine we uliuliza swali ya kumi?"

"Niliuliza."

"Alijibu nini?"

"Alisema hapana."

Ndiyo, nilimdanganya. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wanne, nikamdanganya mtu aliyenifundisha kazi. Consolata hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi.

"Mi natoka kule sasa hivi. Nilimuuliza. Alisema siku yote saba. Alisema amefikiria na namna ya kufanya. Nimemufikisha kituo cha afya mwenyewe, iko kule na mutoto, dada yake anakuya kutoka Kanzenze. Donc nakuuliza tena. We uliuliza?"

"Sikuuliza," nikasema.

Nikaanza kujitetea, kwamba ilikuwa siku ya jina, kwamba watu walikuwa wanaimba, kwamba nilimhurumia. Aliniacha nimalize yote.

"Haukumuhurumia Vestine," akasema. "Ulijihurumia weye. Uliogopa kusikia."

Sijawahi kuambiwa neno la kweli likaniuma vile. Nililia pale mezani kwake bila haya. Nilikuwa nahesabu siku nne. Siku nne nilipika, nilisali, nilikwenda sokoni, nilipita mwanzo wa kichochoro chao mara mbili na kuwaza kwamba nitaingia siku nyingine kumwona mtoto. Siku hizo zote yeye alikuwa ndani na wazo lile, na karatasi yangu ilikuwa ofisini ikisema hana shida. Kama Consolata angechagua nyumba nyingine asubuhi ile, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Nilitegemea kufukuzwa. Consolata alikataa. "Nikikufukuza, wengine batajifunza kuficha," alisema. Badala yake alinifanya nisimulie kosa langu mbele ya timu, nikiwa nimesimama, na hakuna aliyecheka kama walivyocheka kisa cha kuku. Halafu akaniondoa mitaani, akaniweka ofisini kupanga karatasi za wenzangu, miezi mitano. Nilikuwa naangalia swali la kumi la kila karatasi kabla ya mengine.

Habari za Vestine nilizipata kwa Consolata, kidogo kidogo, maana sikuthubutu kwenda. Kituoni alipata mshauri aliyekaa naye kila juma. Mhudumu wa afya wa mtaa alipita nyumbani kwake asubuhi, mwanzoni kila siku. Dada yake alikaa majuma mengi, kazi yake kubwa ikiwa kuwashika watoto ili Vestine alale, kwa sababu mshauri alisema dawa ya kwanza ya mama huyu ni usingizi. Mama mkwe aliitwa, akaelezwa bila kulaumiwa. Kumbe alikuwa ameona jinsi mkwewe alivyonyamaza, akadhani ni kiburi. Tangu hapo yeye ndiye aliyemchukua mtoto alfajiri. Baadaye Vestine akajiunga na kikundi cha kina mama, akawa anakaa nyuma bila kusema. Halafu, Consolata akaniambia siku moja, amesema.

Ilipofika miezi sita, zamu ya kuuliza tena, Consolata alikuja kwenye meza yangu.

"Vestine anasema nimutumie yule mama ya siku ya jina. Hataki mi, hataki mwingine."

Nilimwomba anisamehe, ampeleke mtu mwingine yeyote. Akaniwekea hojaji mbele yangu na kuondoka.

Nilikwenda asubuhi, katika baridi ya ziwani. Nikatoa sabuni mlangoni. Mama mkwe alinikaribisha ndani, kisha akatoka mwenyewe uani bila kuombwa, mjukuu mkubwa akimfuata. Vestine alikuwa mkekani, amenenepa kidogo mashavuni, binti yake amekaa mbele yake akiyumbayumba kama watoto wanaoanza kukaa. Nilikaa chini. Sikufungua hojaji.

"Vestine, siku ile nilikukosea. Kulikuwa na swali nililoliruka. Nisamehe."

"Mi najua," akasema. "Mi nilikuwa nalingojea."

Sikuelewa. Akanieleza huku akimshikilia mtoto mgongoni asianguke.

"Furaha aliniambia mbele ya weye kukuya. Alisema, batakuya na maswali, kwa mwisho iko moja ya nguvu, banakuuliza kama unataka kufa. Alisema, ile usifiche, sema kweli, batakusaidia. Donc mi nikatayarisha jibu yangu. Siku nane niko naitayarisha, namna ya kuisema bila mama mkwe kusikia. Ukaniuliza ya kwanza, ya pili, ya tatu, nahesabu. Tulifika ya tisa. Nikasema sasa. Na we ukaniambia iliisha."

"Mungu wangu," nikasema.

"Nikakuuliza tena, iliisha yote? Ukasema yote. Nikajiambia, bon, hata hawa batu bameona mi sifai kuulizwa."

Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonishinda kabisa. Nililia, na yeye akaniacha nilie, akaendelea kumchezesha binti yake kwa ncha ya kitenge. Nilipotulia alinyoosha mkono kuomba kikombe. Nikampa na punje zake saba.

"Sasa uniulize," akasema. "Yote."

Nikamuuliza la kwanza, la pili, la tatu. Hakuharakisha na mimi sikuharakisha. Usingizi alitia mbili. Kulia alitia moja. Tulipofika la kumi nilinyanyua macho kutoka kwenye karatasi, nikamtazama yeye, nikalisema lote neno kwa neno. Alifikiri kweli, kama mtu anayerudi nyuma siku moja moja.

"Mwezi ile ingine ilikuya mara moja," akasema, "na nikamwita dada. Lakini juma hii, hapana. Hata siku moja." Akakifunika kikombe kikiwa kitupu, akanisogezea. "Andika."

Nikaandika.